Fantasi ya kikapu haipimwi kwa majina makubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua nimeandika refu, mkitaka kukata kateni salamu, hesabu msiziguse.

Juzi mwandishi wenu wa michezo kaandika kwamba fantasi ya NBA, ule mchezo wa mtandaoni wa kujiundia kikosi cha wachezaji halisi wa kikapu, ni sawasawa na ile ya Ligi Kuu ya Uingereza tuliyoizoea, yaani unabeba mastaa, unapanga, unakaa kusubiri pointi ziingie. Hapana bwana. Tatizo ni kwamba kuna watu wanaoliamini gazeti, na mmoja wao ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kafanya drafti, yaani kachagua wachezaji wake, wiki hii na tangu siku hiyo simu yangu haipumui, kila saa picha ya kikosi, "shem umekiona hicho chuma? Shem msimu huu mtanikoma." Sasa badala ya kubishana na mwandishi wenu hewani nimeona nikichukue hicho chuma nikipime hapa hadharani. Jina la shemeji silitaji, mwenyewe atajijua.

Kwanza tofauti, haraka haraka. Ile ya mpira wa miguu una milioni 100 za kununulia watu 15, Haaland anaweza kuwa kwako, kwangu na kwa mamilioni ya watu wengine, mwisho wa wiki tunajumlisha pointi basi. Hii ya kikapu ligi yetu ina watu 12, tunachagua kwa zamu, mchezaji akishachukuliwa kachukuliwa, unabaki kumuangalia kwa mwenzio. Na hakuna cha kujumlisha. Kila wiki unakutana na mtu mmoja mnapambana kwenye safu tisa: pointi, ribaundi (kudaka mpira uliokosa pete), asisti (pasi ya kufungia), stili (kupora mpira), bloku (kuzuia mtupo wa mwenzio), mitupo ya pointi tatu iliyoingia, asilimia ya kufunga uwanjani, asilimia ya mitupo huru, na tanova, yaani mipira unayopoteza, ambayo hiyo mwenye chache ndo anashinda. Ukichukua safu tano wiki yako. Tano kwa nne na tisa kwa sifuri kwenye ligi yetu ni kitu kile kile. Zipo ligi nyingine zinazohesabu kila safu, zipo hata zinazojumlisha pointi kama za mpira wa miguu na huko mwandishi wenu angalau angepata pa kushika, ila vijana wengi ninaowajua mimi wanacheza hii ya safu tisa.

Haya, kikosi chenyewe. Giannis Antetokounmpo, Trae Young, Dyson Daniels, Kawhi Leonard, Joel Embiid, Walker Kessler, Zion Williamson, Rudy Gobert, Draymond Green, Mikal Bridges, Jonathan Kuminga, na wawili wa mwishoni ambao hata sina haja ya kuwataja kwa sababu atakuwa kashawaacha kabla ya Krismasi. Ukiyasoma majina hayo kwa mtu asiyecheza fantasi atakwambia hii timu inabeba kombe la dunia. Na kweli ina nguvu, sikatai, ila nguvu zake haziko pale shemeji anapodhani ziko.

Yeye anaringia pointi. Giannis msimu wa 2024-25 alimaliza na wastani wa pointi 30.4, Trae 24.2, anapiga hesabu ya Embiid na Zion juu yake anaona kamaliza. Sasa pointi ndo safu ambayo staa mmoja anaisukuma kidogo kuliko zote, maana kila timu ina watu wa kufunga, tunaongelea mamia ya pointi kwa wiki, tofauti ya mtu wa 30 na mtu wa 24 inamezwa na mchezaji mmoja wa kawaida aliyeamka vizuri Jumapili. Mtu anayebeba safu nzima mgongoni kwenye kikosi hiki ni Dyson Daniels, ambaye shemeji alimchukua huku analalamika kwamba wenzake wamemuwahi kwa aliowataka. Huyu kijana wa Australia msimu ule alipiga stili 3.0 kwa mechi, jumla 229, hakuna aliyefika huko tangu Gary Payton na stili zake 231 za msimu wa 1995-96. Timu ya kawaida kwenye ligi yetu inamaliza wiki na stili thelathini na kitu. Daniels akicheza mechi nne anakuletea kumi na mbili peke yake, weka Kawhi pembeni siku akiwepo, weka Draymond ambaye mikono yake bado myepesi pamoja na umri, hiyo safu shemeji hata usiku wa manane ataichukua amelala. Stili na bloku namba zake ni ndogo, kwa hiyo mtu mmoja mwenye nyingi anageuza wiki, na hili ndo watu waliotoka kwenye fantasi ya mpira wa miguu hawalioni kabisa kwa sababu kule wamezoea kutafuta mfungaji.

Bloku hivo hivo. Kessler 2.4 kwa mechi, Gobert 1.4, Giannis naye moja na kitu. Wembanyama, mfalme wa bloku, hayupo kwake, yuko kwa bwana mmoja kwenye ligi yetu na tunamuombea dua mbaya kila Ijumaa (natania), ila ukiachana na huyo mmoja hakuna timu ya kumsumbua shemeji kwenye bloku wiki ikiwa ya kawaida. Ribaundi pia ziko salama, Kessler alikuwa na 12.2, Giannis 11.9, Gobert 10.9, watu watatu wa namna hiyo kwenye timu moja ni nadra. Na asilimia ya kufunga ndo usiseme: Gobert 66.9, Kessler 66.3, Giannis 60.1. Hawa watu wanafungia chini ya pete, hawakosi.

Kwa hiyo mpaka hapo ana safu nne za uhakika. Bado moja tu. Hapo ndo pa kukaa tuongee.

Udhaifu mkubwa uko kwenye mitupo huru, na hapa naomba nieleze taratibu maana ndo kiini cha barua yangu. Watu wanaangalia asilimia ya mchezaji halafu wanaishia hapo. Giannis asilimia 61.7, Daniels 59.3, Kessler 52, kwa hiyo Kessler ndo mbaya zaidi, si ndio? Sio. Kinachoua ni mara ngapi mtu anakwenda mstarini. Kessler anakwenda mara chache sana, akikosa hamna anayejua. Giannis anakwenda zaidi ya mara kumi kila mechi. Chukua wiki ya mechi nne, Giannis atarusha kama 42, zitaingia 26. Tuseme wachezaji wengine wote waliobaki wamerusha 100 na wameingiza 80, yaani timu nzuri tu ya asilimia 80. Changanya: 106 kati ya 142, unaanguka mpaka karibu asilimia 75. Mtu mmoja! Na hiyo nimempa wachezaji wengine wazuri ambao shemeji hana, ye wengine wake ndo hao kina Zion na Gobert. Kwa hiyo hii safu imekufa siku ile ile alipotaja jina la Giannis kwenye raundi ya kwanza, hakuna namna ya kuifufua, hata umletee Stephen Curry na asilimia zake 93 hafikishi, chumvi ikishazidi kwenye mchuzi huongezi nyanya moja ukategemea watu watakula.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, safu kufa sio kosa. Wachezaji wa siku nyingi wanaitosa makusudi. Ukishaamua mitupo huru siitaki, basi wote ambao wenzako wanawaogopa kwa sababu hiyo wanakuwa mali kwako kwa bei ya chini, na ndo maana Kessler na Gobert walimfikia shemeji wakiwa wamechelewa kuchukuliwa. Daniels, Kessler, Gobert, Zion, Draymond, wote hao doa lao liko pale pale ambapo keshapoteza, kwa hiyo kwake hawana doa. Yaani bila kujua kajenga timu ya kuitosa mitupo huru na kaijenga vizuri, nimemwambia hivo akanijibu "nilipanga shem." Hakupanga. Ila pongezi anastahili.

Sasa Trae Young. Hapa ndo mimi na shemeji tumegombana mpaka dada yake kaingilia.

Trae msimu wa 2024-25 aliongoza NBA nzima kwa asisti, 11.6 kwa mechi, alicheza mechi 76, huyo sio mchezaji wa kudharau na kwenye timu nyingine ningemchukua kwa mikono miwili. Ila angalia anacholeta na anachoharibu kwenye timu HII. Mitupo huru anapiga asilimia 87.5 na anakwenda mstarini mara nyingi, uzuri mtupu, unaoingia kwenye safu iliyokufa, kazi bure. Mitupo ya tatu anatia karibu 3 kwa mechi, vizuri, ila Giannis hatii, Gobert hatii, Zion hatii, Kessler hatii, Daniels kwa nadra, kwa hiyo Trae na Bridges wawili hawawezi kuibeba safu ambayo timu nyingine zina watu saba wa kurusha toka mbali, hiyo nayo imekwenda. Tanova anapoteza mpira 4.7 kwa mechi, na Giannis na Draymond na Zion nao mikono yao inateleza, kwa hiyo safu ya tatu imekwenda. Halafu asilimia ya kufunga anapiga 41 tu na anarusha sana, kwa hiyo ile safu aliyojengewa na kina Gobert, Trae anaibomoa kila usiku. Ukijumlisha unakuta sehemu kubwa ya thamani ya Trae inamwagika chini na kinachobaki ni asisti na pointi.

"Sasa asisti nitazitoa wapi shem?" Swali zuri. Asisti anadhani lazima zitoke kwa pointi gadi, yule mpanga mashambulizi. Tuhesabu: Giannis 6.5, Draymond zaidi ya 5, Zion akiwepo 5 na kitu, Daniels 4.4. Hao ni watu wa mbele na wa pembeni wanaotoa pasi, wakati senta na fowadi, wale warefu wa karibu na pete, wa wapinzani wengi wanatoa mbili mbili. Mi nimemwambia mpeleke Trae kwa mtu mwenye Domantas Sabonis. Sabonis msimu ule alikuwa na ribaundi 13.9, ameongoza ligi kwa ribaundi misimu mitatu mfululizo, anafunga kwa asilimia 59, na asisti anatoa 6.0 akiwa senta. Asisti zitashuka kidogo, ndiyo, ila zinabaki za kupigania, tanova zinapungua karibu mbili kwa mechi, na asilimia ya kufunga inakuwa kufuli. Safu nne zinafungwa kabisa, afu ya tano unaitafuta kwenye pointi au asisti kulingana na mpinzani wa wiki hiyo. Tano kwa nne. Inatosha.

Jibu lake: "Nimtoe Trae nimchukue Sabonis watu watanicheka." Mhariri, mnaona madhara ya ile makala yenu? Mtu ana kikosi cha kushinda anaogopa kuchekwa kwenye grupu la WhatsApp.

Tuje kwenye afya, na hapa sina utani hata kidogo. Kawhi, Embiid na Zion. Msimu wa 2024-25 Kawhi alicheza mechi 37, Zion 30, Embiid 19. Jumlisha watatu wote, 86. Mikal Bridges, ambaye shemeji anamuita "mjazaji" na alimchukua mwishoni kabisa, alicheza 82 peke yake, na hakosagi mechi huyo, msimu wa 2022-23 alicheza 83 kwenye ligi yenye mechi 82 kwa sababu alihamishwa timu katikati ya msimu na ratiba ikampa moja ya ziada. Kwa hiyo mastaa watatu wa raundi za juu kwa pamoja wamemzidi mjazaji mechi nne. Na hizi raundi za juu ndo zina gharama, sio kwamba uliwaokota mwishoni ukasema nabahatisha. Kumchukua mmoja wa hao ni kamari ya kawaida tu, hata mimi huwa nachukua mmoja, lakini watatu! Nafasi za majeruhi kwenye ligi yetu ni mbili, kwa hiyo siku wote wameumia, na siku hiyo itafika, mmoja atakaa anakula nafasi ya benchi na shemeji atakuwa anacheza pungufu huku anapost picha ya kikosi kizima. Faida pekee ninayoiona ni tanova, maana Embiid akiwa amekaa na suti hapotezi mpira hata mmoja.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa huku ambalo makala nyingi za Wamarekani haziwezi kukwambia, kwa sababu wao mechi zinachezwa macho wazi. Sisi Marekani wakisharudisha saa zao nyuma Novemba tunawazidi New York saa nane. Mechi ya saa moja jioni kwao ni saa tisa usiku kwetu. Sasa mchezaji wa kusubiri mpaka dakika za mwisho kujua kama goti limekubali, Mmarekani anaangalia simu, akiona hachezi anamtoa anaweka mwingine, sekunde mbili. Wewe uko Mbagala umelala, kesho unatoka kwenda kazini alfajiri, unakuja kuamka mtu wako alitangazwa nje saa nane na nusu usiku na benchi ulikuwa na mtu mzima kabisa aliyecheza vizuri bila kuhesabiwa. Hii ndo sababu mi huku Dar namshusha thamani mchezaji wa namna hiyo hata zaidi ya wanavyomshusha wenyewe. Na sio wote sawa. Embiid yuko Philadelphia, mechi za nyumbani ni hiyo saa tisa usiku, mbaya zaidi, na mwenyewe alishasema 2024 kwamba hadhani kama atacheza tena siku mbili mfululizo, kwa hiyo kila wakiwa na mechi mbili za kufuatana toa moja kabla hujaanza. Zion yuko New Orleans, saa kumi alfajiri, bado umelala. Kawhi yuko Los Angeles, mechi nyingi za nyumbani zinaanza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya kwetu, uko kwenye daladala tayari, simu mkononi, unaweza kubadilisha. Kwa hiyo katika hao watatu kama nikiambiwa nibakize mmoja nambakiza Kawhi, na goti lake wala siliamini, naiamini saa ya kwetu.

Kuna vidoa vingine nitavipitia haraka. Msimu wa 2024-25 Trae na Daniels wote walikuwa Atlanta, kwa hiyo wiki Atlanta wakiwa na mechi mbili wakati wengine wana nne, asisti na stili zote zilikuwa zinapata homa siku moja. Ratiba yenyewe pia haiko sawa kila siku, Jumatano na Ijumaa timu nyingi zinacheza kwa pamoja mpaka unakosa nafasi za kuwaweka watu wako wote, Alhamisi unakuta mechi chache na kikosi kizima kimekaa. Mtu anayecheza Alhamisi ana thamani ambayo huioni kwenye wastani wake. Wawili wale wa mwisho ambao sikuwataja ndo kazi yao inatakiwa iwe hiyo, unawabadilisha kila wiki kwa kuangalia nani anacheza siku tupu, sio unakaa nao kwa sababu uliwachagua mwenyewe.

Kessler naye namuonea wasiwasi kwa sababu ya timu yake. Utah walimaliza 2024-25 na ushindi 17 na vipigo 65, mkiani kabisa mwa NBA, na timu ikifika huko mwezi wa tatu inaanza kutafuta mtu wa kumpumzisha ili wapate nafasi nzuri kwenye drafti ya NBA yenyewe, ile ya kuchagua chipukizi. Sio maneno yangu, Machi 2025 NBA yenyewe iliwapiga Utah faini ya dola 100,000 kwa habari ya kumuweka nje staa wao Lauri Markkanen. Na mwezi wa tatu ndo fantasi zetu ziko kwenye mtoano! Kwa hiyo bloku za Kessler zifurahie mpaka Februari, kabla ya siku ya mwisho ya kubadilishana kwenye ligi yetu mtafutie mteja, ubadilishe na senta wa timu yenye kugombea nafasi, maana hiyo haiwezi kumlaza senta wake. Gobert kwa mfano, Minnesota wanamtumia mpaka mwisho.

Halafu Kuminga. Hapa shemeji kachagua kwa moyo na simlaumu, kijana kazaliwa Goma, ni wa kwetu, mi mwenyewe nikiona anaruka kudanki nasimama. Ila fantasi haina uraia. Pointi 15 na ushee, asisti mbili, stili na bloku hata moja moja hazifiki, na alipokuwa Golden State kocha wake mara alimtumia mara hakumtumia, mechi ya mwisho ya msimu wa 2024-25 na ile ya kuwania kuingia mtoano iliyofuata alikaa benchi mwanzo mwisho. Mchezaji asiye na uhakika wa dakika hana uhakika wa safu. Watanzania sisi tunajua vizuri kwamba nafasi kwenye drafti na kazi ya uwanjani ni vitu viwili, mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa wa pili na Memphis, James Harden akafuata wa tatu, Curry wa saba, na bado tulijivuna na tutaendelea kujivuna maana Mtanzania wa kwanza NBA ni yeye na hakuna wa kumpokonya hilo. Lakini ungekuwa na fantasi mwaka ule ukamuweka kwa ajili ya bendera ungelia.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa kikosi cha shemeji, kama mwandishi wenu angeniuliza: ribaundi, bloku, stili na asilimia ya kufunga anazo, mitupo huru, tanova na mitupo ya tatu aache kuzililia kabisa kuanzia leo, asije akanunua mrushaji wa tatu mwezi wa kumi na mbili kwa sababu kapigwa wiki moja kwenye hiyo safu. Pointi na asisti ndo uwanja wake wa vita. Amtoe Trae, apate Sabonis au mtu wa sura hiyo, amuuze Embiid wiki ya kwanza atakayofunga pointi 35 kabla watu hawajakumbuka, kwa sababu wiki hiyo lazima ije na wiki inayofuata lazima iumize, na apokee hata mchezaji wa kati tu mradi anacheza kila siku, Zion namuachia mwenyewe aamue maana asilimia zake na asisti zinaingia humu humu. Akifanya hivyo namuona nne bora bila wasiwasi. Asipofanya namuona wa saba, wa nane, mwenye kikosi kinachopendeza kuliko wote.

Kwenu Mhariri nina ombi moja la vitendo. Kila Ijumaa mnatoa robo ukurasa ya fantasi ya mpira wa miguu, nani awe kapteni, nani ameumia, na tunashukuru. Toleo la Jumatatu tutengeeni hata kijisanduku kidogo tu chenye mambo mawili: kila timu ya NBA ina mechi ngapi wiki hiyo na mechi inaanza saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki. Habari za majeruhi najua gazeti haliwezi kuziwahi maana mnachapa sisi tukiwa bado hatujalala na wao hawajaamua, hizo tutajitafutia wenyewe kwenye simu. Ila mechi ngapi na saa ngapi zinajulikana mapema, hazibadiliki sana, na mtu akiwa nazo Jumatatu asubuhi anapanga wiki yake kabla hajafika kazini.

Na mwandishi wenu nisalimieni, mwambieni nafasi kwenye ligi yetu msimu ujao ipo, ada ni soda kreti moja.

Ni mimi msomaji wenu,
Dar es Salaam